Mjadala: Mombasa ipokee meli za gesi, au tuangalie kwa jirani?

MLETA MADA

Ndugu zangu, karibuni kwenye hoja ambayo Nairobi imekuwa ikiifungua na kuifunga tangu 2013. Je, Kenya ianze kuagiza gesi asilia kwa meli, ile iliyosindikwa kuwa kimiminika (LNG), ishushwe Mombasa ituzalishie umeme? Au tungoje bomba kutoka Tanzania? Msihangaike kunitafuta msimamo: meli siitaki, na bomba nalo sina imani nalo. Nitafika huko.

Kwa wasiokumbuka, mwaka 2013 serikali iliahidi megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Humo ndani mlikuwa na kituo cha gesi cha megawati 700 pale Dongo Kundu, Qatar ikitajwa kama muuzaji. Miezi 40 ikapita, mahitaji hayakukua kama walivyoota, mradi ukawekwa kabatini. Makaa ya mawe ya Lamu nayo yakakwama Juni 2019, baraza la kusikiliza kesi za mazingira lilipofuta leseni yake. Sasa upepo umegeuka. Mwaka 2025 mahitaji ya saa za kilele yalivuka megawati 2,300, na Rais Ruto mwenyewe akasema hadharani kuwa jioni kuna sehemu inabidi zizimiwe. Ndiyo maana wimbo wa gesi umerudi.

Twende kwenye hesabu, huko ambako wanasiasa hawapendi kukanyaga. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua karibu mara 600, ndipo inapoingia melini. Meli ya kawaida siku hizi hubeba mita za ujazo 174,000. Kwa kipimo wanachouzia, mmBtu, hiyo ni kama milioni 3.5. Bei ikiwa dola 12, shehena moja ni dola milioni 42. Mtambo wa megawati 700 ukikimbizwa usiku na mchana unaimaliza kwa mwezi mmoja hivi. Basi kila mwezi milioni 42, tena za dola, na hapo hujalipia meli maalumu ya kukirudisha kimiminika kuwa gesi, wala mtambo, wala nyaya. Gesi peke yake inakula karibu senti 8 za dola kwa kila yuniti ya umeme. Umeme wa Ethiopia tulikubaliana kuununua kwa senti 6.5, ukiwa umeshazalishwa.

Na dola 12 nimekuwekea bei ya siku njema. Mwaka 2020 soko la Asia lilishuka chini ya dola 2. Miaka miwili baadaye Urusi ikaivamia Ukraine, Ulaya ikaanza kugombania kila meli iliyoko baharini, bei ikapita dola 50. Kitu cha namna hiyo utakiwekeaje bajeti? Na mzigo hautabebwa na waziri. Fungua meseji ya tokeni ulizonunua jana: kuna kiasi cha tokeni, halafu kuna zile "tozo nyingine". Humo ndimo ilimojificha tozo ya mafuta na tozo ya mabadiliko ya fedha za kigeni. Gesi ya meli itaingilia mlango huo huo.

STIMA IMEPOTEA

Mleta mada, hesabu zako tamu, lakini wewe unakaa wapi? Mimi niko Magharibi, nina kibanda cha kuchomelea vyuma. Wateja huja jioni wakitoka kazini, na jioni ndiyo stima inapoondoka. Mlango wa mtu umeshikiliwa kwa bawaba moja, nimesimama na miwani usoni namtazama. Senti 8 ya umeme uliopo ni rahisi kuliko senti 6.5 ya umeme usiokuwepo.

Jua likizama, paneli zimelala. Upepo wa Turkana unavuma ukitaka wenyewe. Mvuke wa Olkaria ni mzuri, lakini kuchimba kisima mpaka kiwashe taa ni miaka. Gesi unaiwasha saa kumi na mbili jioni, unaizima saa tano. Tena Ujerumani walipobanwa 2022, meli yao ya kwanza ya kugeuza gesi ilikuwa imetia nanga bandari ya Wilhelmshaven kabla mwaka haujaisha. Sisi tunajadili tangu 2013.

MHASIBU

Ujerumani ilikuwa na mabomba, maghala ya gesi na viwanda vyenye njaa nyuma ya ile meli. Ilichokosa ni gati tu. Sisi tungekuwa na gati na nyuma yake hakuna kitu. Ulizeni Ghana: kituo cha kuelea cha kupokea LNG kilifika bandari ya Tema Januari 2021, miaka ikapita kimekaa tu bila kazi.

Lakini nchi ya kusomea somo hili ni Pakistan. Walianza kupokea LNG pale bandari ya Port Qasim mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakafunga na Qatar mkataba wa miaka 15. Wakawa pia na mikataba na wafanyabiashara wa Ulaya. Bei ilipopaa, baadhi ya wafanyabiashara hao hawakuleta mzigo, kwa sababu adhabu ya kutoleta ilikuwa ndogo kuliko faida ya kuuza kwingine. Mkataba upo, saini ipo, meli haipo. Julai 2022 serikali ikatangaza zabuni ya shehena kumi, hakutokea mzabuni hata mmoja. Nchi ya watu zaidi ya milioni 200 ikakaa gizani huku gesi ikipelekwa kwa wenye pesa nyingi zaidi.

Sehemu ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Wananchi walichoka, wakanunua paneli za jua kutoka China kwa fujo, wakazipandisha mapaani. Mahitaji ya umeme wa gridi yakadorora. Kufika 2025 Pakistan ina gesi isiyojua iipeleke wapi, inaiomba Qatar iahirishe meli. Mikataba hii ina sharti la kulipa hata usipochukua. Basi 2022 walilia kwa kukosa, 2025 wakalia kwa kuzidiwa. Stima Imepotea, pole sana kwa kibanda, lakini hebu angalia mapaa ya viwanda vya Nairobi leo halafu uniambie mahitaji ya gridi mwaka wa nane wa mkataba yatakuwa mangapi.

MAMA WATOTO WAWILI

Samahani wenzangu, hiyo gesi ikija bei ya mtungi itashuka? Maana kujaza kilo 13 siku hizi ni mtihani.

MHASIBU

Hapana dada. Ya mtungi ni LPG, gesi nyingine kabisa, na hiyo tayari inakuja Mombasa kwa meli zake. Hii tunayoijadili haitaingia kwenye mtungi wako.

ABIRIA WA FERI

Mimi wa Likoni, naona mnapanga bila kuniuliza. Meli kubwa ikiingia bandarini Kilindini, feri husubiri. Umebanwa bega kwa bega, mbele yako mkokoteni wa machungwa, nyuma bodaboda inakupulizia moshi miguuni, na nyote mnatazama meli ya makontena inapita taratibu kama ghorofa lililoamua kuhama. Hayo ni ya kila siku, tumezoea. Meli ya LNG ina urefu wa karibu mita 300, na kwa wenzetu ikipita njia hufungwa kwa vyombo vingine, kukawa na umbali wa usalama mbele na nyuma. Dongo Kundu iko ndani, ni lazima ipite hapa kwetu. Nani amepiga hesabu ya watu laki tatu wanaovuka kwa siku?

FUNDI WA MARIAKANI

Abiria, hoja ya foleni nakubali, ya hatari naipunguza. Biashara hii ilianza rasmi mwaka 1964, Algeria ikiiuzia Uingereza, na katika miaka zaidi ya 60 hakuna meli iliyolipuka baharini na shehena yake. Lori za petroli za barabara ya Mombasa zimeua wangapi?

Kinachonikera kwenye mjadala huu ni kwamba kila mtu anazungumza umeme. Mimi ni mtu wa viwanda. Tanuri la saruji linataka joto la nyuzi zaidi ya 1,400, na huku kwetu linapewa makaa ya mawe yanayoshushwa bandari hiyo hiyo ya Mombasa. Vioo, vigae, chuma, wote wanataka moto. Tanzania saruji ya Wazo na ya Mtwara inachomwa kwa gesi yao wenyewe, halafu tunashangaa bei zao. Waya hauwezi kunipa moto wa bei hiyo.

Na si lazima tuanze na mtambo wa 700. Kipevu III ni megawati 120, Rabai 90, zote zinakunywa mafuta mazito ambayo pia tunayaagiza, pia kwa dola. Kwa nini hizo zisigeuzwe?

MLETA MADA

Fundi, umegusa pagumu, na kwenye joto la viwanda sina jibu jepesi. Lakini hilo la Kipevu na Rabai lipigie hesabu. Jumla megawati 210. Shehena moja ya kawaida ingekaa kama miezi mitatu hata zikikimbizwa bila kupumzika, na wewe unataka ziwake jioni tu, kwa hiyo zaidi ya mwaka. Kimiminika hicho hakitulii: kila siku kiasi fulani, kama sehemu moja ya elfu, huchemka na kutoka. Na meli ya kugeuza gesi hukodishwa kwa siku, iwe ina kazi au haina. Ukitaka iwe na kazi ni lazima ujenge mitambo mikubwa. Ukijenga mikubwa unarudi kwenye milioni 42 kila mwezi. Mteja wetu ni mdogo kuliko meli. Huo ndio ugonjwa wa mradi huu tangu siku ya kwanza.

MTU WA KINYEREZI

Wakuu, salamu kutoka Dar. Nimekaa kimya nikingoja mtu alitaje bomba kwa uzito wake, naona mnalipita mbali.

Makubaliano ya bomba la Dar–Mombasa, kama kilomita 600, yalisainiwa Mei 2021 Rais Samia alipokuja Nairobi. Oktoba 2022 Ruto alipokuja Dar likasisitizwa tena. Mpaka leo sijaona hata mtaro. Mtasema uzembe. Mimi nasema ulizeni kwanza litajazwa na nini. Tunajisifu gesi futi za ujazo trilioni 57. Katika hizo, 47 ziko kina kirefu cha bahari, hazijatoa hata moto wa kibiriti, zinangoja mradi wa LNG wa Likong'o, Lindi, unaokadiriwa dola bilioni 42 na ambao mikataba yake imejadiliwa mpaka wino umekauka. Inayotumika ni ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuuzwa 2004, pamoja na ya Mnazi Bay. Hizo ndizo zinazoendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi hapa Dar, na viwanda.

Bomba la Mtwara–Dar la mwaka 2015 linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na linatumika chini ya nusu. Nafasi ya bomba ipo. Gesi ya kujaza nafasi hiyo ndiyo ya kuulizia. Hapa mjini wenye bajaji na teksi za gesi wanapanga foleni ya kujaza mpaka wanalala kwenye usukani. Na msisahau Mtwara 2013: watu walichoma ofisi na nyumba kwa sababu gesi inakwenda Dar. Ikisemwa inakwenda Mombasa?

Halafu kuna kichekesho. Jirani zetu Msumbiji, pale bonde la Rovuma, mtambo wa kuelea wa Coral Sul ulianza kuuza LNG Novemba 2022. Yote ina mnunuzi mmoja, BP, kwa mkataba wa muda mrefu. Gesi iko baharini siku chache tu kutoka Kilindini, na bei yake tutaisoma kwenye soko la Ulaya na Japani.

STIMA IMEPOTEA

Kwa hiyo meli hapana, bomba hapana. Nichomelee kwa kuni?

MLETA MADA

Hapana mkuu. Niliahidi kufika, nimefika. Njia ya umeme ya Isinya kwetu hadi Singida, Tanzania, kilovoti 400, ilianza kazi Desemba 2024. Tanzania sasa ina Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mashine zote tisa. Mchana maji yakitosha, wapumzishe gesi. Jioni Kinyerezi iwake, ituuzie. Gesi ichomwe ilipo, sisi tununue yuniti. Hakuna meli, hakuna gati la kufunga Likoni, hakuna bomba la kilomita 600, na bei tunajadiliana na jirani badala ya kuamka asubuhi kutazama mlango bahari wa Hormuz kule Ghuba ya Uajemi kuna nini, ambako mwaka 2024 karibu sehemu ya tano ya LNG yote ya dunia ilipita. Vibanda kama kile vinahitaji megawati mia chache kwa saa chache za jioni, havihitaji meli.

MTU WA KINYEREZI

Kaka, taratibu. Machi 2025 Rais Samia alitangaza kwamba mikoa yetu ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia, upite kwenye waya huo huo unaousifu, kwa sababu kuutoa kusini hadi Arusha na Kilimanjaro unapotea mwingi njiani. Tulipiga kelele humu hatukulala. Sasa wewe unataka waya uende upande wa pili jioni, saa ambazo na sisi tunapika na kutazama mpira. Inawezekana, sikatai. Ila mwaka wa ukame, bwawa likishuka, tutamzimia nani kwanza, Moshi au Machakos? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujafuta meli.

FUNDI WA MARIAKANI

Na mimi bado sijajibiwa tanuri.

MHASIBU

Tanuri lako likinunua gesi kwa pesa ya kiwanda na hatari ya kiwanda, leta hata meli kumi, sitafungua mdomo. Ninachopinga ni dhamana ya serikali. Mnaotaka gati, wekeni mezani rasimu ya mkataba: sharti la kulipa bila kuchukua ni asilimia ngapi, miaka mingapi, na muuzaji asipoleta anatozwa nini. Mleta mada, na wewe mkataba wa Singida uweke hapo hapo kwa maswali hayo hayo, pamoja na hilo la Moshi na Machakos.