Ukomo wa mishahara kwenye besiboli: mi napinga, na mfano wangu ni marehemu Peter Seidler

Wakuu, mkataba wa wenye timu za besiboli Marekani na chama cha wachezaji unaisha 1 Desemba 2026, na kuna wenye timu wanapigia debe ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu haitaruhusiwa kukipita kulipa wachezaji wake, eti timu za masoko madogo haziwezi kushindana na Dodgers wa Los Angeles na Yankees wa New York. Naona wengi humu mnawaunga mkono. Jamani, angalieni San Diego kwanza.

Padres, timu yetu ya San Diego, soko lake la TV ni kati ya madogo kabisa kwenye ligi, tangu 1969 hatujawahi kubeba World Series (fainali ya ubingwa), na 2017 Chargers wa futiboli ya Kimarekani walifungasha virago wakaenda Los Angeles tukabaki na timu moja kubwa tu. Seidler akawa mwenyekiti wa Padres mwishoni mwa 2020 na jamaa akafungua pochi kwelikweli kwa wachezaji: Tatis Jr. miaka 14 dola milioni 340, Bogaerts miaka 11 milioni 280, Machado akaongezewa miaka 11 milioni 350, katikati hapo Agosti 2022 akaletwa Juan Soto. Mwenye timu ya Colorado Rockies akalalamika hadharani kuhusu matumizi hayo.

Lakini 15 Oktoba 2022 kwenye mtoano, pale uwanjani kwetu Petco Park, mvua imechelewesha mechi, Dodgers walioshinda mechi 111 msimu ule wanaongoza 3-0, inningi (zamu) ya 7 kati ya 9 tukapata pointi tano, mchezaji wetu Cronenworth akapiga mpira ukapita katikati wakaingia wawili, Dodgers wakarudi kwao wametolewa. Na huyo Seidler ni mjukuu wa Walter O'Malley aliyewahamisha hao Dodgers kutoka Brooklyn!

Mtu alishaugua saratani mara mbili, ana kisukari, bado anatembea mitaani anaongea na wanaolala nje, akasaidia yakapatikana mahema makubwa ya kuwahifadhi. Alifariki 14 Novemba 2023 akiwa na miaka 63, na msimu uliofuata wachezaji walivaa jezi zenye moyo wenye herufi PS. Mi nilimpenda yule mzee, sifichi.

Mchangiaji: Mleta mada, mapenzi sawa, hesabu je? 2023 mmeshinda 82 mmefungwa 80, mtoano hamkuingia, Septemba klabu ikakopa milioni 50. Alipofariki tu Soto akapelekwa Yankees. Huko ni kula mbegu.

Mleta mada: Mkuu hizo namba ni za kweli, ila umeacha nusu. Mwaka huohuo watu zaidi ya milioni 3.2 waliingia uwanjani, rekodi ya klabu kwa wakati ule, na kampuni ya TV iliyokuwa inatulipa iliacha kulipa Mei mpaka ligi ikachukua matangazo, hilo nalo Seidler alilitaka? Na Soto alipoondoka alikuja Michael King, 2024 tukashinda 93. Sasa geukia timu ya Athletics ya Oakland, mwenye timu amebana matumizi miaka na miaka, 26 Septemba 2024 wakacheza mechi ya mwisho pale uwanja wao wa Coliseum timu ikaondoka mjini. Ukomo wa juu unamfunga mikono Seidler, yule wa Oakland haumgusi kabisa. Mnaotaka usawa mbona hamuanzi kudai kiwango cha chini ambacho kila tajiri lazima akitumie? Hapo ndo nataka majibu.