Naomba ushauri: tangi la matumbawe na kukatika kwa umeme

Wakuu, salaam. Hapa Arusha nina tangi la maji ya bahari la lita 200, lenye matumbawe laini na samaki wachache. Umeme ukikatika usiku pampu husimama, oksijeni hupungua, na baridi hii ya Julai hushusha joto la maji chini ya nyuzi 24, hata asubuhi nawakuta samaki wakihema juujuu na matumbawe yamejikunja.

Pampu ya hewa ya betri imesaidia. Blanketi (mke wangu analidai hadi leo) halikutosha. Nina betri ya sola ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ambayo nusu yake, takriban wati-saa 600, inatosha pampu ya wati 10 usiku kucha, ila hita ya wati 200 itaimaliza kwa saa tatu.

Je, nitegemee chupa za maji ya moto, au niongeze betri kwa ajili ya hita? Na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya bei nafuu inaweza kuunguza pampu?