Keki ya dainosa wa Tendaguru: fondanti, batakrimu au kapukeki kwa joto la Lindi?

mama_wawili_Lindi
Wadau habari za leo. Mwanangu anatimiza miaka 6 Jumamosi ya wiki ijayo na keki ya mpira hataki wala ya gari, anataka dainosa. Tena yule wa kwetu, maana babu yake kamsimulia kwamba yule wa shingo ndefu aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo zaidi ya mita 13, mifupa yake ilichimbwa hapa hapa kwetu Lindi, kilima cha Tendaguru, kati ya 1909 na 1913 na wapagazi wakaibeba mpaka bandarini Lindi. Basi toka siku hiyo hakuna mazungumzo mengine nyumbani. Watoto watakuwa kama 20, bajeti ya keki 80,000, nina oveni ndogo ya gesi na mixa ya mkono. Nina njia tatu kichwani: dainosa wa kusimama wa fondanti (ule mkando wa sukari wa kuvika keki), keki ya duara ya batakrimu (krimu ya siagi na sukari) na dainosa mdogo juu, au kapukeki, zile keki ndogo za vikombe vya karatasi. Shughuli saa 10 jioni, uani chini ya mwembe. Waliowahi kufanya nipeni ukweli ipi inahimili joto hili.

fundi_wa_Shangani
Dada, mimi napika keki Mtwara mjini, shida ya huku ni joto pamoja na unyevu. Fondanti ni sukari na sukari inavuta maji. Ukiitoa keki kwenye friji ukaipeleka uani, hewa ya bahari inatua juu yake kama jasho, inaanza kung'aa, inanata vidoleni na rangi ya kijani inachuruzika. Ukitaka fondanti usiiweke friji kabisa baada ya kuivika, iache kwenye boksi la karatasi chumba chenye feni. Shingo ya kusimama lazima iwe na kijiti katikati mpaka kwenye ubao na itengenezwe siku 2 au 3 kabla ikauke, na huku kukauka kwenyewe kunachelewa. Mimi kwa bajeti yako nisingeigusa.

baba_mapacha_Masasi
Naunga mkono hapo juu. Mwaka juzi niliagiza keki ya twiga, fundi simtaji, ikapakiwa kwenye basi, njia nzima nimeishika mapajani. Kufika Masasi shingo imelala begani, wanangu wakaniuliza baba twiga anaumwa? Iliniuma sana, nikaichomeka mshikaki ndani ndo ikasimama. Kama unatengeneza nyumbani afadhali kidogo maana haisafiri.

mama_wawili_Lindi
Pole sana kaka. Basi ya kusimama naitoa. Sasa batakrimu nayo si inayeyuka?

fundi_wa_Shangani
Ya siagi tupu inayeyuka ndiyo, siagi halisi ikifika nyuzi 32 hadi 35 ni mafuta, na kulainika inaanza mapema zaidi. Weka nusu siagi nusu mafuta mgando ya kupikia, yale meupe yasiyo na harufu. Kipimo changu ni siagi gramu 250, mafuta mgando 250, aising shuga kilo 1 iliyochekechwa, vanila, maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka uridhike. Rangi tumia ya jeli, ya maji inalegeza krimu. Na kijani usikikoleze sana siku hiyo, kikikaa masaa kadhaa kinajikoleza chenyewe.

shoga_wa_Nachingwea
Mimi hapo kwenye mafuta mgando sikubaliani, inabaki utando juu ya ulimi na watoto wanalamba mara moja wanaacha. Afadhali siagi tupu ila paka nyembamba na keki itoke ndani dakika ya kukata.

fundi_wa_Shangani
Kwa kukata ndani sawa mwaya, ila yeye yuko uani saa 10 na watoto hawaanzi kwa wakati. Ladha inapungua kweli, sikatai.

bibi_wa_Mikindani
Wanangu mnahangaika na fondanti ya dukani na korosho zimejaa? Saga korosho mbichi zilizobanguliwa ziwe unga, saga kidogo kidogo usiendeleze sana zisitoe mafuta. Chemsha sukari kikombe 1 na maji nusu kikombe mpaka ukigusa kwa vidole inavuta uzi mmoja, mimina unga wa korosho vikombe 2, koroga moto mdogo mpaka iachane na sufuria. Ipoe kidogo, paka samli mikononi, kanda. Unafinyanga utakacho, macho, meno, miguu, na mtoto anakula mpaka mwisho. Ila waulize wazazi kwanza, kuna watoto korosho zinawavimbisha mdomo.

mama_wawili_Lindi
Bibi shikamoo, na asante sana. Hii sijawahi kuisikia na korosho ninazo ndani.

bibi_wa_Mikindani
Marahaba mwanangu. Jaribu kidogo kwanza Jumatano.

mwalimu_Ruangwa
Naomba nichangie upande wa mnyama mwenyewe. Tendaguru hakutoka huyo mmoja tu, kuna Kentrosaurus, mfupi, kichwa mpaka mkia karibu mita 4 na nusu, ana mabamba mgongoni kwa mbele na miiba kuanzia kiunoni mpaka mkiani. Kwa keki huyu ni rahisi maana yuko chini: oka kwenye bakuli la bati, igeuze, unapata mgongo tayari, miiba unachomeka ya chokoleti au hiyo korosho ya bibi. Na mwambie mtoto pia kuhusu Boheti bin Amrani, ndiye aliyesimamia wachimbaji kule, wote wanawataja Wajerumani tu.

mama_wawili_Lindi
Mwalimu nimemsomea hii, jina la Boheti kalirudia mpaka kalala. Ila wa miiba kakataa, kasema "mama wa shingo."

fundi_wa_Shangani
Basi huyo dainosa wa shingo mlaze. Kapukeki 24 juu ya ubao: kichwa 1, shingo 6 kwa mstari, mwili 9 safu tatu za tatu, mkia 4, miguu 4. Paka batakrimu ya kijani kukamata zote pamoja, uma upitishe juu kutoa magamba. Siagi 250, sukari 250, unga 250, mayai 5, beking pauda vijiko 2 vya chai, jaza karatasi nusu na kidogo, nyuzi 180 dakika kama 18. Pima ubao kwanza, kichwa mpaka mkia inakaribia mita moja. Hakuna kukata kwa kisu, kila mtoto anachomoa yake.

mama_wawili_Lindi
Jamani hii ndo yenyewe!! Nimepanga vikombe vitupu sakafuni saa hii, shingo nimeipinda kidogo ikatosha kwenye mlango wa kabati la zamani, nitaufunga foili. Chini namwaga biskuti zilizosagwa iwe udongo wa Tendaguru, macho na meno ya korosho, krimu nusu kwa nusu maana niko nje. Fundi swali la mwisho, kapukeki nikioka Ijumaa usiku zitakauka?

fundi_wa_Shangani
Hazikauki, zikipoa kabisa funga kwenye ndoo yenye mfuniko. Krimu paka Jumamosi saa 7.