Tupeane uzoefu: filamu za Jia Zhangke zilikukuta wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Wengi wetu Uchina tuliijulia kwenye kibanda umiza: mateke, mapanga, mzee mwenye ndevu nyeupe. Baadaye zikaja tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, mama zetu wakawazoea mama wakwe wa Beijing kama majirani. Uchina wa Jia Zhangke, mwongozaji filamu wa Kichina, ni mwingine kabisa, na nimegundua humu tupo kadhaa tuliomtazama kila mtu kivyake, bila wa kuzungumza naye. Leo tuzungumze.

Naanza mimi. Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Wuhan. Kulikuwa na kijana Mchina niliyemfundisha Kiswahili, naye akinisahihisha Kichina changu. Siku moja nikamuuliza kwao kukoje. Hakujibu. Akafungua kompyuta, akaniwekea Xiao Wu. Ni habari ya mwizi wa mifukoni katika mji mdogo. Rafiki waliyeiba naye zamani sasa ana pesa, anaoa, na hakumwalika harusini. Basi, ndiyo hadithi yenyewe. Mwishoni polisi anamfunga pingu kwenye waya kando ya barabara na kumwacha hapo, wapita njia wanakusanyika kumtazama, na kamera inawageukia wao. Wakawa wanatutazama sisi. Yule kijana akaniambia, "Kwetu ndiyo hivi."

Mji huo ni Fenyang, mkoa wa Shanxi, alikozaliwa Jia mwaka 1970. Alirudi kupiga filamu hiyo 1997 kwa mkanda wa milimita 16, mhusika mkuu akiwa Wang Hongwei, aliyesoma naye chuo cha filamu Beijing. Mwaka 1998 ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Berlin. Nyumbani haikuruhusiwa kuonyeshwa, maana hakuipitisha kwa wakaguzi wa serikali.

Semeni: filamu gani, mlikuwa wapi, na iliwaachia nini?

Kamera Moja

Asante kwa uzi huu, ndugu yangu. Mimi ni mpiga video wa maharusi huku Mombasa tangu 2003. Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: picha isikae zaidi ya sekunde nne, watu watachoka.

Halafu nikaona Unknown Pleasures, filamu ya Jia aliyoipiga Datong, mji wa makaa ya mawe, kwa kamera ya dijitali. Kuna mahali ndani ya basi binti anataka kuinuka ashuke, na mwanamume anamsukuma akae. Anainuka tena, anasukumwa tena. Tena. Tena. Kamera haikatwi, haisogei kumwonea huruma. Ningeipiga mimi ningeonyesha mara mbili, nikaweka muziki. Lakini kwa kuwa haikatwi, unaanza kusikia uchovu kwenye bega lako mwenyewe.

Mpiga picha wake wa tangu filamu ile ya kwanza ni Yu Lik-wai wa Hong Kong, na wanaotaka kujifunza kazi wamfuatilie. Sikilizeni na sauti pia. Vipaza sauti vya mtaani, pikipiki, redio ya jirani, havifutwi. Watu wanaongea lafudhi ya kwao Shanxi, si Kichina cha taarifa ya habari.

Baada ya hapo, kwenye harusi moja Kisauni, niliiacha kamera juu ya mama wa bibi harusi aliyekuwa peke yake chumbani akikunja kanga za mwanawe. Dakika sita. Mteja alisema niitoe, nikaitoa. Mkanda mbichi sikuutupa.

Binti Tarumbeta

Mimi niseme ukweli, filamu yake ya Platform ilinishinda mara ya kwanza. Saa mbili na nusu, na watu wapo mbali, hata sura huzioni vizuri. Nikaizima.

Niliirudia baba alipostaafu. Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya shirika la umma, Dar. Mchana mfanyakazi wa ghala, jioni mwanamuziki, mshahara mmoja. Shirika lilipobinafsishwa, bendi ikaambiwa ijitegemee. Wakazunguka mikoani na lori, wakabadilisha nyimbo kufuata vijana wanachotaka, mwisho wakatawanyika. Platform ni hiyo hiyo, ila ni Fenyang. Kikundi cha sanaa cha serikali, 1979, wanaigiza safari ya treni kwenda Shaoshan alikozaliwa Mao. Kufika mwisho wa miaka ya 80 kikundi kimekodishwa kwa mtu, nywele zimekuwa ndefu, wanapiga magitaa na kucheza breki-dansi juu ya lori, wasikilizaji wachache.

Kuna binti aliyeacha kikundi akawa mtoza ushuru. Jioni moja yuko ofisini peke yake na sare, redio inapiga wimbo, anaanza kucheza. Hakuna anayemwona. Ni Zhao Tao yule, alikuwa mwalimu wa ngoma Taiyuan, hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo; ndiye baadaye akawa mke wa Jia. Nilimwonyesha baba kipande hicho tu. Aliangalia mpaka mwisho, akaomba nirudishe nyuma.

Mpanda Meli

Dada hapo juu umenigusa. Yangu ni Still Life.

Nilipanda meli ya mto Yangtze kutoka Chongqing kwenda Yichang, likizo, na wenzangu wa chuo. Watalii wote walitoka nje kupiga picha tulipofika lango la Kuimen, wakishika noti ya yuan 10, maana mlima ule umechorwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshaiona filamu, sikuweza kuangalia mlima. Nilikuwa naangalia maji. Chini ya maji yale ndiko uliko mji mkongwe wa Fengjie, ulioishi zaidi ya miaka 2,000. Bwawa la Three Gorges liliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, na mji mpya ukajengwa juu kilimani.

Jia alifika wakati mji unabomolewa kwa nyundo, wanaume vifua wazi. Akamweka katikati yao Han Sanming, binamu yake mwenyewe, aliyewahi kuwa mchimba makaa kweli kweli. Anamtafuta mkewe aliyeondoka miaka 16 iliyopita. Ana anwani kwenye karatasi, anampa dereva wa pikipiki, wanafika: ni maji. Mtaa wote umezama. Na kwenye kuta zilizobaki kuna alama ya neno la Kichina "chai", yaani bomoa.

Nyumba ya bibi yangu iliwekewa alama nyekundu ya X kwa ajili ya barabara. Bibi alipika chini ya X ile miezi saba. Alikuwa akiifunika na kalenda wageni wakija. Nilipoona Fengjie, wanapika, wanacheza karata, wanakunywa chai ndani ya nyumba zilizoandikwa bomoa, nilijua huyu mtu hakupita tu. Still Life ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, 2006, na sijui tuzo nyingine iliyonifurahisha hivyo.

Mzigo Guangzhou

Mimi mfanyabiashara tu, filamu nilizijua kupitia diski za barabarani. Swali langu kwa wenye uelewa: bado ni mtu huru? Kuanzia The World, 2004, alianza kupitisha kazi kwa wakaguzi. Rafiki zangu wa huko wengine wanasema aliuza roho.

Mleta uzi

Mkuu, mimi sikubaliani nao. Filamu iliyofichwa haikumfikia yule aliyefungwa pingu kule Fenyang, na nadhani hilo lilimuuma. Halafu angalia A Touch of Sin, 2013: visa vinne vya umwagaji damu vilivyotokana na matukio ya kweli, tuzo ya mswada kwenye tamasha la Cannes, na kumbi za Uchina hazikuionyesha. Mtu aliyenunuliwa haandiki hivyo. Mwaka 2017 akaanzisha tamasha la filamu Pingyao, mkoani kwao, si Beijing wala Shanghai.

Kama hujaiona Caught by the Tides ya 2024, itafute. Alichukua picha alizopiga tangu 2001, zikiwemo mabaki ya filamu za zamani, akaziunganisha na mpya. Zhao Tao anazeeka mbele yako bila kupakwa vipodozi vya uzee.

Kamera Moja

Nimeiona wiki jana, nikashuka stoo kutafuta mkanda wa Kisauni. Umeingia ukungu, picha inakuja na kupotea. Sauti ipo yote. Anazihesabu zile kanga, kwa jozi, na akifika kumi na nne anaanza upya.