Mrejesho: malipo ya kukosa kazi Texas, nimekubaliwa

Ndugu zangu, niliuliza kama mtu mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) aliyepunguzwa kazi ghalani Houston anaweza kudai malipo ya kukosa kazi bila kuharibu mambo yake ya uhamiaji. Anaweza, na nimeanza kulipwa.

Pesa hii si sadaka. Huko Texas inatokana na kodi wanayolipa waajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ni bima, na uhamiaji hawaihesabu kuwa ni kutegemea misaada ya serikali. Inaniuma kwamba hofu ya kuharibu mambo ya uhamiaji inawanyima wenzetu haki yao.

Niliomba kwenye tovuti ya Texas Workforce Commission, idara ya jimbo inayosimamia malipo haya. Wanaangalia mishahara ya robo-mwaka (miezi mitatu mitatu) nne za mwanzo kati ya tano za mwisho zilizokamilika kabla hujaomba, kwa hiyo mshahara wa juzijuzi huenda usiingie.

Shida ilikuwa kwa mwajiri. Aliiandikia idara hiyo kwamba niliacha mwenyewe, nikakataliwa. Rufaa ni ndani ya siku 14 tangu barua ya kukukatalia ilipotumwa, si tangu ulipoipokea. Nilipeleka barua ya mwajiri ya kupunguza watu, nikaomba mkalimani wa Kiswahili kwenye usikilizaji wa simu, nikashinda. Dada uliyenisihi niitunze ile barua, Mungu akubariki sana.

Jamani, mkisubiri rufaa endeleeni kuomba malipo kila wiki mbili na kuandika kazi mlizotafuta. Wiki usizoziombea zinaweza kupotea hata ukishinda.