Wapangaji wanauza dagaa, kodi imelimbikizwa na kausha damu juu yake: niwapangie vipi malipo?

MsimamiziNyakato
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia nyumba 22 za chini za taasisi ya umma upande wa Nyakato, Mwanza. Kodi ni 60,000 kwa mwezi na mwisho wa kulipa ni tarehe 5. Kaya tisa zinadaiwa miezi mitatu hadi sita. Saba kati ya hizo ni kina mama wanaochukua dagaa soko la Mwaloni Kirumba na kuuza rejareja, mbili ni za bodaboda. Ofisi ilitaka nitoe notisi za kuhama, nikaomba nipewe mwezi mmoja nilete mpango wa malipo wa kila kaya.

Nikikaa nao wananiahidi laki moja mwezi ujao. Mwezi ukifika analipa 20,000 au haonekani kabisa. Na karibu wote wana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya kila siku. Sitaki watu watolewe nje na watoto. Nianzie wapi?

HesabuZaMwaloni
Mkuu, anza kwa kuangalia mwezi wa angani kabla ya kalenda ya ofisi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika siku saba hadi kumi. Kwa hiyo mama wa dagaa ana siku kama 20 za kuingiza na siku kama kumi za kula akiba, au za kula mtaji.

Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mbalamwezi haikai kwenye tarehe moja. Mwezi huu tarehe 5 inaangukia giza, mama analipa vizuri. Baada ya miezi kadhaa tarehe ileile inaangukia mbalamwezi, hana hata mia. Ofisini wanaona mtu asiyeeleweka, leo mlipaji mzuri, kesho msumbufu. Kumbe kipato chake kina ratiba inayojulikana, ila tarehe ya kodi haifuati ratiba hiyo.

Usimwombe laki mwisho wa mwezi. Kodi ya 60,000 ukiigawa kwa siku 20 za giza ni 3,000 kwa siku. Aitoe asubuhi akishauza, kabla hajapita sokoni. Wale wa bodaboda watoe kila wiki, 14,000 kila Jumamosi: kwa wiki 52 inafika 728,000, mwaka mzima wa kodi ni 720,000.

Jambo moja la kuuliza ofisini kwanza: je, kumbukumbu namba ya malipo (control number) inapokea vipande vidogo, au inataka kiasi kamili tu? Kama inataka kamili, mama atakaa na hela mkononi mpaka zitimie 60,000, na hela ya mkononi haifiki tarehe. Omba namba inayopokea malipo ya sehemu.

DadaWaVikoba
Naongezea upande wa kukaa naye. Nenda nyumbani kwake, usimwite ofisini, na nenda wakati wa mbalamwezi akiwa na nafasi. Chukua daftari la kaunta na peni. Ukurasa wa kwanza andikeni madeni yote, na kila deni liwe na mambo haya: anadaiwa na nani, alipokea shilingi ngapi mkononi, ameshalipa ngapi, bado ngapi, faini ya kuchelewa ni kiasi gani, ameweka dhamana gani. Hiyo ya "alipokea mkononi" usiiruke. Mtu atakwambia alikopa laki tatu, kumbe walikata 30,000 ya fomu na akapewa 270,000.

Kuna madeni ambayo watu hawayaiti madeni, hivyo uliza moja moja. Mchezo wa kupeana hela kwa zamu ambao ameshapokea zamu yake na bado anachangia. Vitu alivyokopa duka la Mangi. Sare za harusi. Mkopo wa kwenye simu unaojilipa wenyewe hela ikiingia. Huo wa mwisho ndio unaomeza kodi: ndugu anamtumia 60,000 ya pango kwa simu, ikiingia tu 35,000 inakatwa. Mwenye deni hilo apokee hela ya kodi taslimu, au anayetuma ailipe moja kwa moja kwenye kumbukumbu namba.

Na mkuu, mume au mwenza awepo. Deni lililofichwa ndani ya nyumba likijitokeza mwezi wa pili, mpango wote unavunjika.

MsaidiziWaSheria_Nyamagana
Kuhusu kausha damu. Piga hesabu mbele ya mama mwenyewe. Amepokea 270,000, anarejesha 12,000 kwa siku 30, jumla 360,000. Amelipa 90,000 juu, ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuangalia jina lake kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama ni programu ya simu, ujue Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Kutuma ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji kwa watu waliomo kwenye simu yake hakuruhusiwi. Apige picha kila ujumbe, asifute hata mmoja. Malalamiko yanapokelewa Benki Kuu, na hapa Mwanza lipo tawi.

Ila usimwambie mama asilipe kabisa. Hela aliyopokea ni deni. Kinachojadiliwa ni riba, faini na namna ya kulipa. Andika barua fupi: nilipokea kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki, naweza kulipa kiasi hiki kila giza, naomba faini zisimame. Nakala abaki nayo, na mtendaji wa mtaa aigonge muhuri wa kupokelewa. Wakija kubeba televisheni au godoro kwa nguvu, aite mwenyekiti wa mtaa na polisi palepale. Dhamana ina utaratibu wake, haichukuliwi kwa kuvunja mlango.

FundiLUKU
Dogo tu. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Ukivuka, bei inazidi mara tatu. Jiko la umeme au friji ya kugandisha barafu za biashara ndivyo vinavyomtoa mtu kwenye bei hiyo ya chini. Angalia risiti ya LUKU: gawa hela kwa uniti, utajua yuko bei gani.

Pia kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa humo ni ya mwenye nyumba. Kwa mwaka ni 18,000. Mpangaji atunze risiti, taasisi yako ipunguze kwenye kodi ya pango. Kwa mtu anayedaiwa, hiyo ni sehemu ya malimbikizo.

MsimamiziNyakato
Nashukuruni sana. Nimekaa na kaya moja leo. Faida ya dagaa ni 18,000 kwa siku, siku 20, yaani 360,000. Chakula 180,000, kodi 60,000, umeme na maji 25,000, shule 20,000, nauli na dawa 20,000. Inabaki 55,000. Malimbikizo ni 240,000, kausha damu imebaki 210,000 na wanadai 12,000 kila siku. Nimepanga 30,000 malimbikizo, 25,000 mkopeshaji. Sawa?

HesabuZaMwaloni
Hapana mkuu, umeikausha nyumba. 12,000 kwa siku 30 ni 360,000, yaani kipato chote, ndiyo maana ni lazima mkopeshaji akubali kushuka. Lakini na wewe umetumia mpaka shilingi ya mwisho. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, dagaa zilizoanikwa zinaharibika na kuishia kwa wanunuzi wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Mtoto mmoja akiugua, anarudi kausha damu.

Weka 25,000 malimbikizo, 20,000 mkopeshaji, 10,000 akiba. Malimbikizo yataisha mwezi wa kumi, deni mwezi wa kumi na moja. Ofisi itaona ni mbali, waambie mpango wako wa kwanza, wa 30,000 kwa miezi minane, ulikuwa haupiti mwezi wa tatu. Mtaji wa dagaa usiguswe, uandike ukurasa wake peke yake. Mtaji ukiliwa, hakuna 18,000.

DadaWaVikoba
Muulize kama yuko kikoba na wanavunja lini, yaani wanagawana akiba. Wengi wanavunja Desemba. Kama hisa zake zinafika laki na nusu, waandikiane sasa kwamba 100,000 inakwenda kwenye malimbikizo siku ya kuvunja, kabla ya ada za Januari. Asikope tena humo kwa sasa.

Na akimaliza kausha damu, waungane watano waulizie halmashauri mikopo ya asilimia kumi, inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, haina riba. Asiiombe ili kulipia deni, hiyo ni ya biashara.

MsimamiziNyakato
Nimeelewa. Swali la mwisho: mpangaji mmoja mumewe ni mlinzi, mkopeshaji anashikilia kadi yake ya benki na namba ya siri, mshahara unachukuliwa wote.

MsaidiziWaSheria_Nyamagana
Mume aende benki yake kesho na kitambulisho, afunge hiyo kadi, aombe nyingine na namba mpya ya siri. Afanye hivyo kabla ya siku ya mshahara. Aombe na taarifa ya akaunti ya miezi sita, ajumlishe kila kilichotolewa na mkopeshaji, akilinganishe na alichokopa. Siku hiyohiyo apeleke barua ile yenye kiasi anachoweza, na malipo ya kwanza apitishe kwa simu au benki ili yabaki na kumbukumbu. Kama jumla iliyotolewa imeshazidi deni na riba halali, aongozane nayo hiyo taarifa hadi dirisha la malalamiko la Benki Kuu.