Jiji linapataje katiba yake kwa kura ya wananchi?

mpigakura_mpya: Wakuu, nasoma soma mambo ya miji ya Marekani nakuta eti jiji linakua na katiba yake lenyewe na wakazi ndo wanaipigia kura. Sasa nani anaiandika? Maana wakiandika madiwani si watajipendelea?

Kalamu Butu: Inategemea sheria za jimbo mkuu, ila mara nyingi inaundwa tume. Angalia Portland, Oregon: tume ya watu 20, wakikubaliana 15 tu pendekezo linaenda moja kwa moja kwa wananchi, baraza halina cha kuzuia. 2022 walikubali 17, Novemba wananchi wakapitisha, na mfumo wa tangu 1913 ambao diwani mmoja anapewa idara zake anazisimamia kama za kwake ukafia hapo. Sasa madiwani 12 kwenye kanda 4, wameanza kazi Januari 2025, yaani miaka miwili ya kuchora mipaka na kujipanga.

mpigakura_mpya: Na hiyo tume nani anaichagua?

Kalamu Butu: Hehe, madiwani 😅 kila mmoja wa wale watano wa baraza la zamani, meya akiwemo, alileta watu wanne.

Bi Mkubwa: Detroit tume inachaguliwa kwa kura, watu 9, ila usidhani ndo mteremko. Rasimu yao 2021 ilipelekwa kwa gavana kama sheria ya Michigan inavyotaka, akagoma kuiidhinisha, kesi ikafika mpaka mahakama kuu ya jimbo, mahakama ikasema iacheni ipigiwe kura, halafu Agosti wananchi wenyewe wakaipiga chini. Ikikataliwa hivyo ile ya zamani inaendelea kama kawa.

mpigakura_mpya: Duh. Kwenye karatasi ya kura wanaichapa yote?

Bi Mkubwa: Wapi, ni swali fupi tu na ndiyo au hapana. Hapo ndo pa kukaa macho. Portland walifunga kila kitu swali moja, mpigakura kuwapanga wagombea kwa namba kuanzia anayempenda zaidi, kanda, na mtendaji wa jiji, ukipenda kimoja unameza vyote, watu wakaenda mahakamani wakashindwa.

Kalamu Butu: Na kuhesabu nako! St. Louis 1876, mpango wa jiji kujitenga, uliopigiwa kura pamoja na katiba, ulitangazwa umeshindwa, kura zikarudiwa kuhesabiwa ikaonekana umepita. Jiji likajitenga na kaunti yake mpaka leo.